Makumbusho wametupa uwanja lakini pesa hawana: tufanyeje na onyesho letu la dansi hapa Amu (Lamu)?

binti_langoni

Assalam aleikum jamani. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi.

Mimi ni wa Langoni, mtaa wa hapa hapa mjini. Nilikwenda Nairobi kujifunza dansi, nikakaa huko miaka kadhaa, nimerudi nyumbani tangu mwaka jana. Nina kazi ya dansi ya kisasa ya dakika 40, wachezaji wanne na mpiga zumari mmoja. Imetokana na siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa ya wakubwa wa zamani. Tangu utotoni nikiingia Makumbusho ya Lamu nasimama mbele ya ile siwa ya shaba, nawaza pumzi ya aliyekuwa akiipuliza. Siwa haikupulizwa ovyo, ilitoka kwa ruhusa, kwa harusi za wenye daraja na shughuli kubwa za mji. Leo iko kimya. Kwenye kazi yetu mchezaji wa kwanza anavuta pumzi polepole mpaka mbavu zinaonekana kupitia kanzu, wenzake watatu wamesimama wakingoja mlio, na mlio hauji. Kila kinachofuata kinatokana na kungoja huko.

Makumbusho moja hapa mjini (si ile yenye siwa, naomba nisiitaje) imetukubalia uwanja wake wa ndani. Wametupokea kwa heshima. Lakini wamesema hawana fungu la maonyesho ya jukwaani, kwa hiyo tukodi uwanja na pesa za tiketi tuchukue sisi. Bajeti yangu ni hii: kukodi 20,000, taa na jenereta 35,000, sakafu 50,000, mavazi 15,000, posho za wasanii watano kwa usiku mbili 20,000. Jumla shilingi 140,000. Mkononi nina 30,000.

Naogopa pia kwa sababu mwaka jana mwandalizi mmoja katika mji mwingine alituahidi malipo baada ya onyesho, na mpaka leo hatujayaona. Wachezaji wangu walirudi kwa basi la nauli ya kukopa. Sitaki kuwafanyia hivyo tena.

Nikubali kukodi? Na pesa zilizobaki nizitafute wapi?

hesabu_kwanza

Waalaikum salam dada. Nimeisoma bajeti yako mara tatu nikitafuta mazoezi. Hayamo.

Umesema dakika 40, wachezaji wanne na zumari. Kazi ya namna hiyo haiwi tayari chini ya wiki nne. Chukua siku 24, watu 5, kila mmoja shilingi 1,500 kwa siku, ambayo ni kama kibarua wa ujenzi tu. Hiyo ni 180,000. Onyesho lako la 140,000 kwa kweli ni la 320,000, na hizo 180,000 unazozificha zinalipwa na wachezaji wako kwa njaa.

Sasa tazama tiketi. Uwanja wa ndani wa nyumba zetu ukiujaza viti unapata watu 120 hivi. Kwa 300 kila mtu, usiku mbili, ni 72,000, na hapo hakijabaki kiti kitupu hata kimoja. Zinalipa taa na posho na kidogo juu. Haziwezi kulipa mazoezi hata mkiongeza usiku wa tatu. Kwa hiyo usiingie ukidhani mlango utakuokoa. Mlango unalipa usiku wa onyesho. Miezi ya kabla yake inalipwa na mtu mwingine, na huyo ndiye unayemtafuta.

mcheza_wa_zamani

Nakubaliana na hesabu, ila mimi naanzia mbali kidogo. Dada, neno la kubadilisha ni "kukodi". Ukikodi uwanja wewe ni mpangaji, na makumbusho haidaiwi chochote na kazi yako.

Miaka ya tisini tulipoanza kuona dansi ya kisasa Kenya, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen waliunda kundi la Gàara kule Nairobi. Linyekula baadaye akarudi kwao Kongo, akafungua Studios Kabako, kituo chake cha dansi na tamthilia. Nakutajia huyu kwa sababu mwaka 2017 aliingia Metropolitan Museum ya New York na kazi aliyoiita Banataba, iliyotokana na sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, aliyoikuta kwenye hifadhi ya makumbusho hiyo. Alicheza humo humo, miongoni mwa vitu vilivyotoka kwao. Hukuona kwamba ndicho unachotaka kukifanya na siwa? Kule hakuwa mpangaji. Alikuwa msanii aliyealikwa, na kazi yake ilikuwa sehemu ya kazi ya makumbusho.

Makumbusho nyingine kubwa zimefika mbali zaidi. Mei 2015 Tate Modern ya London ilimpa Boris Charmatz, mtunzi wa dansi wa Ufaransa, jengo kwa siku mbili, wachezaji wapatao 90 wakaenea kila pembe, watu wakiingia bure. Walker Art Center ya Minneapolis ina idara ya sanaa za jukwaani kama ilivyo na idara ya picha, na mwaka 2005 ikafungua ukumbi wa maonyesho ndani ya jengo lake. Kule huagiza kazi mpya, yaani hulipa ili kazi izaliwe. Na pale Marekani kuna mpango uitwao National Dance Project, ulioanza 1996. Hutoa pesa za kuunda dansi, kisha husaidia mahali panapoialika kazi hiyo kulipa sehemu ya ada ya wasanii. Uone walivyoigawa: kuunda ni gharama moja, kualika ni nyingine.

Amu hatuna pesa hizo. Lakini makumbusho yako ina vitu ambavyo wewe huna: uwanja mtupu baada ya saa za wageni, mlinzi, viti, stoo, vyoo, na barua yenye mhuri. Waombe wawe washirika. Wakupe uwanja kwa mazoezi ya siku 24, wafute ile 20,000, na waandike barua kwamba kazi hii ni yao pamoja nawe. Kila walichotoa kithaminishe kwa shilingi na ukiingize kwenye bajeti upande wa mapato. Mfadhili akiona mwenyeji ametia mkono, anakusikiliza tofauti kabisa.

Milango ya kugonga: vituo vya utamaduni vya Wafaransa, Wajerumani na Waingereza, yaani Alliance Française ya Mombasa, Goethe-Institut ya Nairobi, na British Council. HEVA ya Nairobi, mfuko wa biashara za sanaa, iangalie baadaye, ukitaka kukuza kundi kama biashara. Na usipeleke barua ile ile kila mahali. Soma kwanza kila mmoja anafadhili nini.

mwana_wa_pate

Samahani nitasema nilicho nacho moyoni. Vijana wetu wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, na wazee wa goma, ngoma ya mstari, wanacheza kila Maulidi na kila tamasha, wanapewa maji na soda. Leo dansi ya kisasa iliyosomewa Nairobi ndiyo itafutiwe laki tatu? Na hao wageni watakaofadhili wanatujali sisi au wanajali wanachotaka kukiona?

binti_langoni

Kaka, hujanikosea. Babu yangu alisimama kwenye mstari wa goma na bakora yake mpaka miguu ilipokataa, na sijawahi kuona mtu akimwuliza alirudi nyumbani saa ngapi na amekula nini. Naamini na wao walipwe. Mpiga zumari wangu anatoka kirumbizi, na katika hesabu mpya atapata sawa na wachezaji, siku kwa siku, shilingi kwa shilingi. Nikishindwa kumlipa yeye, kazi hii nitaiahirisha.

bibi_wa_vugo

Wanangu, nimewasoma nyote. Mwana wa Pate, wewe una haki ya kuumia, lakini usiseme ngoma zetu zilikuwa za maji na soda. Sisi tulipotoka na vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, pembe mkononi, mwenye harusi alijua wajibu wake. Tulilishwa, tulivishwa leso mpya, na watu walitutunza mbele ya macho ya wote, noti inawekwa kichwani ikiambatana na jina la aliyetoa. Mama zetu wa lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, walikuwa na vyama, kila mmoja anachanga, na vyama vilishindana mpaka mitaa ikagawanyika. Pesa ya ngoma ilikuwepo. Desturi ndiyo iliyolegea.

Kwa hiyo binti yangu, usione haya kuomba mji ukutunze. Wenye hoteli Shela, wenye maduka, wenye mashua, waliooa mwaka huu. Muombe kila mmoja kitu kinachojulikana: wewe lipa siku moja ya mazoezi ya mchezaji mmoja. Mtu wa kutoa 1,500 utampata, na jina lake lisomwe.

La pili, na hili ndilo kubwa kwangu. Wanawake wa hapa watakuja usiku, wakae bega kwa bega na wanaume wasiowajua, wawatazame vijana wa kike wakicheza? Wachache. Weka onyesho moja la wanawake peke yao, Alhamisi baada ya Alasiri, simu zibaki mlangoni, na mlangoni asimame mwanamke. Najua mpiga zumari ni mwanamume. Siku hiyo apige akiwa nyuma ya pazia, au mrekodi mlio wake. Mimi nitakuja na wenzangu kumi.

binti_langoni

Bibi, hili la pazia limenigusa. Mlio unaosikika bila mpulizaji kuonekana. Nafikiri hata usiku wa watu wote nitalibakiza.

fundi_mbao_mkomani

Nazungumzia sakafu tu. Uwanja kama huo chini ni mawe na saruji. Wachezaji wakiruka hapo siku 24, miundi na magoti yataisha kabla ya onyesho. Usitandike zulia juu ya saruji ukafikiri umemaliza. Na usiwasikilize watakaokwambia utumie boriti za mikoko chini yake kwa sababu ziko nyingi, boriti ni mviringo, haikai sawa, ubao utabisha kila ukikanyagwa.

Panga mbao za inchi mbili kwa moja kama wavu, chini yake vipande vya mpira mgumu vilivyokatwa kwenye tairi, kila kiungo kimoja. Juu weka plaiwudi tabaka mbili nyembamba, viungo vya juu visiangukie viungo vya chini. Tabaka moja ni karatasi 15, tatu kwa tano, zinakupa karibu mita 7.3 kwa 6.1. Tabaka la juu lifungwe kwa skrubu, vichwa vizamishwe na kufunikwa, mchezaji wa peku asijikate. Likaushwe kila jioni kwa kitambaa, maana umande wa Amu ukishuka ubao unateleza kama samaki.

Ukutani usipigilie msumari hata mmoja. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukitoboa leo, chumvi inaingia kesho. Taa zisimame kwenye nguzo zake zenye mifuko ya mchanga.

Kuhusu 50,000 yako: usinunue, zungumza na fundi mwenye kazi ya nyumba inayoanza baada ya onyesho lako. Anunue plaiwudi yeye mapema, wewe uitumie mwezi mmoja, umlipe uchakavu na ufundi. Mimi nina nyumba ya kuezeka mwezi wa pili. Njoo tuongee.

hesabu_kwanza

Hilo limepunguza bajeti kuliko barua yoyote. Naongeza mambo mawili kisha ninyamaze.

Mkataba uandikwe hata kama ni na rafiki. Nusu ilipwe siku ya kutia sahihi, sehemu ya pili mazoezi yakifika nusu, iliyobaki usiku wenyewe kabla taa hazijazimwa. Yaliyowapata mwaka jana yalitokea kwa sababu malipo yote yaliwekwa baada ya kazi.

Na ukipata ruzuku, uliza kabla: inakuja kwa awamu ngapi? Wafadhili wengi hushikilia sehemu ya mwisho mpaka waone ripoti na risiti. Ukiwa umeitumia akilini tayari, utakopa. Weka risiti za kila kitu, hata za mashua ya Mokowe.

mcheza_wa_zamani

Na tarehe. Epuka masika, April na Mei mvua itakufukuza uwanjani. Epuka Ramadhani na siku za Maulidi. Kaskazi ndiyo nzuri, ila pepo yake ni kali, taa zifungwe vizuri. Usiku anza saa mbili na robo, watu wametoka Isha. Ukianza kabla utagombana na adhana, na utakuwa na makosa.

binti_langoni

Nimerudi baada ya siku tisa, nawapa habari.

Nilikwenda tena makumbusho na bajeti mpya, mazoezi yameandikwa mstari wa kwanza. Sikutaja kukodi. Mkuu wa pale alisoma akanyamaza, akaniuliza, "Siku 24 mnafanya nini?" Nikasimama nikamwonyesha ile pumzi ya mwanzo, pale pale ofisini, mbele ya meza yake. Nikamwambia pumzi hiyo peke yake ilituchukua siku sita. Wamefuta ada. Tumepewa uwanja kuanzia saa kumi na moja jioni, stoo ya mavazi, na barua itatiwa sahihi wiki ijayo. Pesa bado hawana, na sijawalaumu.

Kwa ushauri wa bibi tumeanza kutunzwa. Mpaka jana zimelipwa siku 31 za wachezaji kati ya 120. Ya kwanza ililipwa na nahodha wa mashua aliyesema hajui dansi, ila marehemu baba yake aliwahi kuisikia siwa. Ombi la Alliance Française ya Mombasa nimelipeleka, jibu bado. Lisipofika, tutacheza Alhamisi ya wanawake na usiku mmoja tu, kwa siku za mazoezi zilizolipwa, wala hatutaongeza hata moja ya bure.

Mwana wa Pate, mpiga zumari wetu anauliza kama utamwazima zumari ya pili, yake imepasuka mdomoni. Fundi, plaiwudi ikifika gatini Jumanne nitapata mikokoteni, lakini stoo ya makumbusho mlango wake ni mwembamba. Je, karatasi zinaweza kulala kwako mpaka Ijumaa?

fundi_mbao_mkomani

Zilete. Zilazwe chali, zisisimamishwe ukutani, zitapinda.