Mchungaji kuita watu waokoke kaburini: ni halali, au ni kuwawinda wafiwa?

Mkazi wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu. Naleta hili kwa sababu limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Tumemzika kijana wa jirani yangu hapa Nkuhungu, dereva wa bodaboda, miaka 24. Lori lilimgonga usiku akirudi kumshusha abiria. Mnaoijua ardhi ya Dodoma mnajua kaburi la kiangazi lilivyo. Vijana wa kijiweni kwake walimwaga maji jioni ili udongo ulainike, alfajiri wakaingia na sururu na mtarimbo, na saa nne asubuhi walikuwa wamefika kiunoni tu. Viganja vimechubuka, hakuna aliyekubali kupokewa.

Ibada ilikwenda vizuri mpaka jeneza liliposhushwa. Kabla ya udongo, mchungaji akashika kipaza sauti: "Kijana huyu nafasi yake imekwisha. Wewe bado unayo. Nani anakata shauri leo? Nyosha mkono." Akangoja. Upepo unapiga, turubai linapigapiga, spika inakoroma. Akarudia mara ya pili, ya tatu. Mdogo wake marehemu, mtoto wa miaka 14, akanyosha mkono. "Haleluya!" Akavutwa mbele, akaongozwa sala ya toba pale pale ukingoni mwa kaburi la kaka yake.

Jioni nikakaa naye, nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Ba'mdogo, mimi nilidhani anauliza nani anataka kuweka udongo wa kwanza."

Hilo la mtoto tungelicheka baadaye. La mama yake ndilo linaloninyima usingizi. Ile "nafasi yake imekwisha" aliisikia vizuri sana. Kijana wake alipata kipaimara, halafu kanisani akawa haonekani, Jumapili ndiyo siku ya abiria wengi. Usiku wa pili wa matanga mama akaniita pembeni: "Baba, kwa hiyo wamesema mwanangu yuko wapi?"

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, na uzima wa milele nauamini. Sibishani kama upo. Nauliza: ile ahadi alipewa mfiwa imshike asianguke, au alipewa mhubiri aitumie kama fimbo? Msimamo wangu ni kwamba kaburini isomwe ahadi, watu wazike, mambo ya kunyosha mikono yaende Jumapili. Nawasilisha.

Mwinjilisti Mstaafu

Ndugu mleta mada, pole kwa msiba. Lakini umeandika kwa hasira, na mimi nitakujibu bila hasira.

Nimefanya kazi hii Bahi, Chamwino na hapa mjini. Wanaume wetu kanisani huwaoni, na kilabuni wao hawanioni mimi. Tunakutana wapi? Msibani. Pale ndipo mwanamume wa Kigogo anakaa saa tatu akisikiliza bila kuondoka, kwa sababu kuondoka ni aibu. Mhubiri 7:2 inasema ni heri kwenda nyumba ya matanga kuliko nyumba ya karamu, kwa sababu aliye hai atalitia moyoni. Neno lenyewe ni matanga, sikulitunga mimi.

Halafu nenda Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini, nyumba imejaa waliokuja kuwapa pole wafiwa, na Yesu anamwambia dada wa marehemu, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Haishii hapo. Anamuuliza uso kwa uso: "Je! Unayasadiki hayo?" Kama kumuuliza mfiwa swali la imani ni kumwinda, basi aliyeanza ni Bwana mwenyewe. Ukinijibu hapo nitanyamaza.

Jirani wa Kondoa

Mimi ni Mwislamu, niruhusuni kidogo maana na sisi hutokea kwenye hayo maturubai yenu.

Kwetu maiti hacheleweshwi, na makaburini nako kuna mawaidha ya mauti, kwa hiyo sitajifanya sisi hatusemi na walio hai. Ila jirani yangu Mkristo akifiwa, mimi nimebeba jeneza, nimechota maji, mke wangu ameshinda jikoni kwao akikoroga ugali wa watu mia. Nimekuja kwa ujirani. Kisha kipaza sauti kinaniangalia mimi: "Wapo hapa wasiomjua Mungu wa kweli." Unafanyaje? Ukiondoka, umesusia msiba wa jirani. Ukikaa, unasemwa.

Mwaka juzi nilikaa. Jirani yangu alikuja usiku kuniomba radhi, yeye mwenye msiba! Mfiwa anaacha kulia anazunguka kuomba radhi. Hilo mliweke kwenye mizani yenu.

Kijana wa Area C

Mwinjilisti, swali dogo. Tarehe 22 Machi 2021 tulijaa uwanja wa Jamhuri kumuaga Rais Magufuli, marais wa nchi za watu wamekaa jukwaani, viongozi wa dini zote wapo. Wewe ungethubutu kuwaambia wale wakuu "nyosheni mikono"? Mbona ujasiri unatujia tukifika Nkuhungu?

Mwinjilisti Mstaafu

Kijana, wangenipa kipaza sauti ningewaambia. Ndiyo maana hawakunipa.

Mjukuu wa Mvumi

Nachangia kwa upande mwingine. Wazee wetu walimwita Mulungu kabla wamisionari wa Kianglikana wa CMS hawajafika Mpwapwa miaka ya 1870. Na kwamba mtu akifa hajaisha, hilo Mgogo hakufundishwa na Mzungu. Waliokufa walikuwa wanapelekewa tambiko, wanaombwa mvua, walikuwa watu wa nyumbani. Babu yangu alikuwa mwalimu wa dini, alikuwa anasema kigeni kwake kilikuwa kimoja tu: kwamba huyu aliyelala chini ataamka, na mwili wake, na jina lake. Hilo ndilo lililowafanya wakae kimya wasikilize. Hakuna aliyewatisha na "nafasi imekwisha". Sijui tulianza lini kuhubiri kifo kama mlango wa basi unaofungwa.

Mkatoliki Mtaratibu

Sisi tunawaombea marehemu na tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, tunayo, kwa hiyo sentensi ya "nafasi yake imekwisha" kwetu haina hata pa kukaa. Lakini hata msioamini toharani, yule mhalifu msalabani aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Alikuwa amebakiza saa chache tu. Kijana amelala barabarani chini ya lori, nani alisikia alichomwambia Mungu wake?

Mjane wa 2002

Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Waliokufa walikuwa zaidi ya 280. Mmoja alikuwa mume wangu. Wa umri wangu mnakumbuka mji ulivyokuwa, kila mtaa una turubai, ukitoka kulia kwako unapita kwa jirani kulia kwake.

Wahubiri walikuja wengi wiki ile. Sikumbuki neno hata moja, na siwalaumu, masikio yalikuwa yamekufa. Ninaowakumbuka ni akina mama wawili wa felosh'pu, kikundi cha maombi cha mtaani, waliokuja siku ya tatu na ndoo zao. Waliosha vyombo. Watu wote walipoanua matanga wakaondoka, wale walirudi. Mmoja alikuwa anakaa nami jikoni anachambua mchele, kimya, anaweka mawe pembeni kwenye kifuniko cha sufuria. Ilipita kama miezi miwili. Siku moja mimi ndiye niliyeuliza: "Wewe unaamini kweli kwamba nitamwona tena?" Aliacha mchele. Akasema, "Naamini. Lakini siyo hilo tu." Akanisomea Yohana 17:3, kwamba uzima wa milele ndio huu, kumjua Mungu na Yesu Kristo aliyemtuma. Nilikuwa nadhani ni kitu cha kusubiri hadi nife. Kumbe ningeanza kuishi nacho pale pale, na mchele wangu na watoto wangu watatu. Niliokoka jikoni, bila kunyosha mkono.

Sasa Mwinjilisti, baba yangu, umesema ukijibiwa utanyamaza. Soma tena hiyo Yohana 11, usiishie kwa Martha. Dada walikuwa wawili. Martha alitoka mwenyewe kumlaki njiani, na ndiye aliyeulizwa. Mariamu akaja baadaye, akaanguka miguuni, akasema maneno yale yale ya dada yake: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Maneno yale yale! Je, aliulizwa kama anasadiki? Hakuulizwa. Hakupewa hata mstari mmoja wa mahubiri. Bwana aliuliza tu mmemweka wapi, kisha akalia machozi. Msiba ni huo huo mmoja. Mhubiri asiyejua aliyesimama mbele yake ni Martha au Mariamu, heri aoshe vyombo kwanza.

Kijana wa Area C

Mama umemaliza.

Mwinjilisti Mstaafu

Hajamaliza, ila amenipiga pazuri.

Mama, shikamoo. Nakubali kwamba kipaza sauti hakina macho, kinamuuliza Martha na Mariamu kwa pamoja, na mtoto wa miaka 14 juu yake. Na ile "nafasi yake imekwisha" mchungaji hakutumwa kuisema. Hukumu ipo, Waebrania 9:27 siifuti, lakini hakimu si yule aliyekodishiwa spika. Nami niliwahi kusema hivyo hivyo nikiwa kijana, kwenye msiba wa mlevi mmoja, na mke wake hajanisalimia hadi leo.

Ila na ninyi msinizike nikiwa hai. Mama, wewe ulipata akina mama wawili na miezi miwili. Yule dereva mwenzake marehemu, aliyechubuka viganja kwa sururu, kesho anarudi kijiweni. Nani atakwenda kuchambua naye mchele? Mnasema yaende Jumapili, na Jumapili ni siku ya abiria wengi, mleta mada kasema mwenyewe. Siku ile moja aliyosimama kimya mbele ya shimo, nikinyamaza nimemheshimu au nimemtupa?

Jirani wa Kondoa

Mzee, nenda kijiweni. Mbona sisi tunakwenda, chai ni ya mia tano.

Mkazi wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, nimesoma yote. Mwinjilisti, hilo la Jumapili umenibana, nalirudisha mfukoni, nitafute mahali pengine pa kuliweka.

Jana nilimpitia yule mama. Miwani yake ilikanyagwa siku ya msiba, kwa hiyo akaniomba nimsomee hiyo Yohana 11 mnayoigombania. Mdogo wake marehemu alikuwa hapo mlangoni anaziba pancha ya baiskeli, anajifanya hasikii. Nikasoma taratibu. Kwa Martha nikaeleza, aliulizwa kama anasadiki, akajibu ndiyo, akakiri vizuri kabisa kwamba huyu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Mama akatikisa kichwa. Nikafika Bwana alipolia, akasema rudia hapo. Nikarudia mara mbili.

Nikaendelea hadi kaburini, Yesu anaposema liondoeni jiwe, na huyo huyo Martha anasema, "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne."

Mama akanishika mkono. "Si umesema huyu alishajibu kwamba anasadiki?"

Nikasema ndiyo.

"Na Bwana hakumfukuza?"

Nikasema hakumfukuza. Mtoto pale mlangoni alikuwa ameacha kupampu.