Tupeane uzoefu: chakula gani kilikuwa kinakuvuruga tumbo na ulikijuaje?

mtu_wa_kimara
Wakuu habari za mchana. Leo tuongelee tumbo bila aibu maana naona wengi tunateseka kimyakimya. Mwenzenu miaka mitatu nimeishi navijua vyoo vyote kuanzia Kimara Mwisho hadi Kivukoni, mwendokasi asubuhi lazima nisimame mlangoni, ikifika Manzese tumbo linaanza kuunguruma, jasho jembamba linatoka, Magomeni Mapipa nashuka naomba choo kwenye duka la mtu nisiyemjua. Nikitoka hapo niko fresh kabisa kama sio mimi, kesho tena.

Nilipima mpaka nikachoka. Mara taifodi, mara amiba, mara vidonda vya tumbo, dozi nimemeza mpaka nilikuwa nazijua kwa rangi ya boksi. Mwisho nikakutana na daktari mmoja mtu mzima, kaangalia majibu yote halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "asubuhi unakula nini?" Nikamwambia chapati mbili, maharage, chai ya maziwa, kila siku ya Mungu. Akasema hii ni IBS, utumbo hauna kidonda wala mdudu ila unashtuka haraka, na kuna vyakula vinaugusa. Akanipa kazi ya daftari: nimekula nini, saa ngapi, tumbo limefanyaje, choo kilikuwaje, na siku hiyo nililala vizuri au nilikuwa na mawazo.

Mi nilikuwa nimeshayahukumu maharage. Wiki ya pili nasoma daftari naona wikiendi nakula maharage yaleyale nyumbani na sina shida yoyote, tofauti ni kwamba Jumamosi na Jumapili nakunywa chai ya rangi. Kumbe maziwa! Sukari ya maziwa inahitaji kimeng'enya fulani kuisaga na watu wazima wengi tunacho kidogo, isiposagwa inashuka chini inavuta maji na bakteria wanaigeuza gesi. Nimeacha maziwa mabichi na ya chai, mtindi kikombe kimoja hauna neno. Sijapona mia kwa mia lakini sahivi napanda gari kama binadamu.

Haya leteni za kwenu.

binti_tandika
Kaka pole, umenikumbusha mbali. Mi maharage nimejinyima mwaka mzima bure tu, mshtakiwa wa kweli alikuwa KITUNGUU. Nani angemfikiria kitunguu jamani, yuko kwenye kila kitu, rosti yupo, pilau yupo, supu yupo, kachumbari ndio usiseme. Nilimjulia Feri, tulikula samaki wa kukaanga na ugali, chumvi na ndimu basi, nikashangaa tumbo liko kimya mpaka usiku. Wiki iliyofuata tukarudi palepale samaki yuleyule ila nikaongeza sahani ya kachumbari, baada ya saa tatu zipu ya sketi haifungi, natembea nimefunika na mkoba kama mjamzito wa miezi mitano.

Sasa siwezi kupika sufuria mbili, nyumbani tuko sita. Nikafundishwa hivi, nakata kitunguu vipande vikubwa nakaanga kwenye mafuta mpaka harufu itoke, halafu nakiopoa CHOTE kabla sijatia nyanya wala maji. Ile sukari inayosumbua haiingii kwenye mafuta ila inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichelewa kuopoa imekula kwako. Majani ya kijani ya kitunguu nayo nakula sawa tu, nyeupe ya chini natupa. Mume wangu mpaka leo hajui kama mboga haina kitunguu.

mzee_wa_hoja
Sisi wazee wetu walikula maharage na vitunguu wakafika miaka 90, nyie watoto wa siku hizi mnaogopa hadi kachumbari.

binti_tandika
Mzee shikamoo. Hao wazee hawakupanda mwendokasi 😂

kijana_posta
Yangu mtacheka. Nafanya kazi ya kuongea na wateja siku nzima, nikawa natafuna bigijii zile zisizo na sukari kulinda harufu ya mdomo, pakiti nzima inaisha kwa siku. Tumbo likawa linajaa gesi na kuharisha kuanzia mchana, nikaacha pilipili, nikaacha chipsi, nikaacha kahawa, wapi. Siku moja bigijii zimeisha kwenye droo, sikwenda kununua siku tatu, tumbo likatulia. Nikageuza pakiti nikasoma maandishi madogo, wameandika wenyewe kwamba ukila nyingi zinaharisha. Utamu wake ni sorbito, na ni kitu kilekile utumbo unashindwa kukinyonya. Yaani dawa ya mdomo ilikuwa sumu ya tumbo. Watu tunaandika chakula kwenye daftari tunasahau pipi, soda, juisi ya embe, vile vyote vinahesabika.

mama_wawili_mbagala
Mi niliuziwa kipimo cha damu kinachosema vyakula mia kadhaa ambavyo mwili wako haupatani navyo. Pesa ndefu. Majibu yakaja nyekundu kwenye ngano, mayai, ndizi, mchele, nikakaa miezi miwili nakula kama mgonjwa wa sadaka, nikakonda, na tumbo likauma vilevile. Baadaye nesi mmoja ananiambia kile kipimo kinaonyesha tu vitu ambavyo umezoea kula. Nililia kwa hasira sio siri.

nesi_mstaafu
Poleni wanangu. Huyo mwenzangu kakwambia kweli, hicho kipimo hakitambui IBS. Njia yenye ushahidi ni hiyo ya kutoa na kurudisha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndio walioitengeneza wakaiita lishe ya FODMAP chache, FODMAP ni aina za sukari na wanga ambazo utumbo hauzinyonyi vizuri. Unapunguza kwa pamoja vile vinavyochacha tumboni, kitunguu, saumu, ngano, maharage na kunde, maziwa, embe, tikiti, asali, kwa wiki 2 hadi 6 tu. Ukipata nafuu unarudisha kimoja kimoja, unaanza kidogo unaongeza kwa siku tatu, unapumzika, unakwenda kingine. Wengi wanakosea hapo, wanaona nafuu wanabaki hukohuko kwenye kujinyima maisha yote. Ugali wa sembe, wali, viazi mviringo, mayai, samaki na nyama havina shida kwa watu wengi, ila mafuta mengi na pilipili vinaweza kulivuruga tumbo hata kama havimo kwenye orodha.

Na msiache ngano kabla hamjapimwa seliaki, ule ugonjwa ambao ukila ngano mwili unaushambulia utumbo wako mwenyewe, ukishaiacha muda kipimo kinadanganya. Tena ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, unaamshwa usiku na kuharisha, una upungufu wa damu, au shida imeanza ukiwa mtu mzima wa miaka 50 kwenda juu, hapo daftari weka pembeni nenda hospitali.

binti_tandika
Asante mama. Na mawazo je? Maana mi mwisho wa mwezi kodi ikikaribia hata uji unanipiga.

nesi_mstaafu
Ubongo na utumbo vinaongea mwanangu, hiyo ni kweli kabisa. Ndiyo maana huyo daktari alimwambia aandike na usingizi.

mtu_wa_kimara
Nimesoma yote. Kwa vile bado sijapona mia kwa mia, ngoja niyapime na maharage kwa utaratibu ili nihakikishe. Nimeyaloweka tangu jana usiku, maji nimemwaga, nitachemsha nimwage tena ndio niunge, nusu kikombe tu kwa kuanzia halafu niongeze kesho na keshokutwa. Nimechagua kuanza leo Jumamosi makusudi maana siendi popote na choo kiko hatua nne kutoka kwenye kochi. Jumatatu jioni narudi na majibu.