Kampuni ya safari ya hapa Kampala ilitupigisha mbizi baharini mchana, usiku uleule ikatupakia basi la kurudi nyumbani

Wakuu, nimemeza hasira hii wiki mbili na leo nimeshindwa.

Tulikuwa tisa, wengi wetu hatujawahi kuona bahari. Kampuni moja ya safari hapa mjini ilituuzia siku nne za pwani ya Kenya: Shimoni, kisiwa cha Wasini, na kupiga mbizi kwenye matumbawe ya Kisite. Tulilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano.

Siku ya mwisho tulizamishwa mara mbili. Mara ya pili tuliibuka saa nane na nusu mchana. Saa mbili usiku tuko ndani ya basi Mombasa, nguo za kuogelea bado mbichi kwenye mifuko. Tulipoipita Nairobi, alfajiri tukipanda Limuru, mdogo wangu akaanza kulalamika bega na kiwiko, kisha vidole vikafa ganzi. Nikampigia yule aliyetupangia safari. Akasema kiti cha basi kimembana, ameze dawa ya maumivu. Kijana alilia hadi Malaba!

Daktari wa Kampala alimwekea oksijeni, kisha akauliza swali moja: mlipanda milima saa ngapi baada ya kutoka majini?

Nilikuwa sijui kwamba hilo ni swali. Chini ya maji, kila mita 10 zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa ya mtungi unaopumulia majini, inaingia mwilini, na ukishaibuka inatoka polepole, kwa saa nyingi. Ukikimbilia mahali pa juu kabla haijaisha, inageuka mapovu ndani ya viungo na mishipa. Ndiyo maana wazamiaji hushauriwa kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege kama wamezama mara moja, na saa 18 kama wamezama zaidi. Barabara ya milimani nayo ni vilevile. Nairobi iko karibu mita 1,700, na ukiipita unazidi 2,000.

Mtu wa Mombasa anayelala Mombasa, hili halimsumbui. Sisi kwetu ni mita 1,200 juu ya bahari. Hakuna njia ya kurudi Kampala isiyopanda! Kampuni inayouza mbizi kwa watu wa Kampala ilipaswa kujua hili kabla ya kujua bei ya basi. Hata kama kati yetu kuna mwenye pumu, ambayo ni hatari kwa mpiga mbizi, hawakuuliza, na yupo.

Na kuna jambo jingine, la nanga, linaniuma kivyake. Kisite ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 28 ambazo hata mvuvi wa Wasini haruhusiwi kutupa ndoana. Tulilipa kiingilio tukijua kinalinda mahali. Boya la kufungia chombo lilipokuwa limeshikwa na wengine, nahodha wetu hakungoja, akatupa nanga juu ya matumbawe. Nilikuwa majini tayari, nikaona tawi likikatika na vumbi jeupe likipanda. Tumbawe ni kiumbe hai, na aina nyingine hukua sentimita moja tu kwa mwaka. Kisha kiongozi wetu akawaambia watu wasimame juu yake wapigwe picha. Wavuvi wamekatazwa eneo hilo tangu miaka ya 1970, halafu sisi tunakwenda kulikanyaga!

Sasa nataka gharama za hospitali zirudishwe, na nimewaandikia mara tatu bila jibu. Ninyi mliolipia safari ya Desemba, fungueni ratiba yenu leo. Ikiwa mbizi imewekwa siku ya kuondoka, kataeni, semeni isogezwe mwanzoni mwa safari, la sivyo daini pesa zenu. Aliyewahi kusafiri nao na akaumwa njiani, tafadhali aandike hapa chini, alizama saa ngapi na basi liliondoka saa ngapi.