Naomba ushauri: damu ya kupima DNA ya saratani ya mfupa, Tabora hadi Dar

Ipuli_Maabara: Wakuu, kuna kijana wa miaka 16, osteosakoma ya mfupa wa paja karibu na goti. Kemo na upasuaji vimekwisha, sasa anafuatiliwa. Daktari wake wa Dar anataka damu ya kupima DNA ya uvimbe (vipande ambavyo saratani inamwaga kwenye damu), ichukuliwe hapa Tabora, isafirishwe kwa basi. Tuna chupa za kofia ya zambarau na sentrifuji ya kawaida. Inawezekana? Na kiwango kikipanda, ndiyo saratani imerudi?

Plazma_Safi: Mkuu, damu nzima kwenye chupa ya zambarau isipande basi. Chembe nyeupe zikipasuka njiani zinamwaga DNA ya kawaida kwenye plazma (maji ya damu), na ile kidogo ya uvimbe inamezwa, mashine isiione. Tenganisheni kwa sentrifuji ndani ya saa 4: dakika 10 kwa g 1,600 (g ni nguvu ya mzunguko, mara ngapi ya uvutano wa dunia). Rota (sehemu inayozunguka) yenye nusu kipenyo cha sm 15 inahitaji kama mizunguko 3,100 kwa dakika. Pimeni yenu, msikisie. Mkinyonya plazma, acheni nusu sentimita juu ya tabaka la chembe nyeupe, hata kama mnaona mnapoteza. Zungusheni tena dakika 10 kwa g 16,000 kwenye tyubu ndogo, kisha gandisheni kwa nyuzi -80. Kofia ya kijani msiiguse kabisa, heparini iliyomo inazuia PCR, kipimo cha kunakili DNA.

Mwembe_Tabora: Sentrifuji ya kawaida haifiki g 16,000, na bila barafu kavu plazma itayeyuka njiani. Agizeni chupa zenye dawa ya kutuliza seli, kama za Streck. Jazeni mililita 10 kamili, pindueni taratibu mara 8 hadi 10. Zinavumilia nyuzi 6 hadi 37, kwa hiyo msiweke kwenye jokofu wala kwenye buti la basi mchana wa Oktoba. Mtu akae nazo ndani.

Dkt_Mifupa: Osteosakoma haina badiliko moja la jeni kwa wagonjwa wote, tofauti na Ewing, saratani nyingine ya mfupa, ambayo takriban asilimia 85 ya wagonjwa wana muungano wa jeni EWSR1 na FLI1. Hapa maabara inasaka vipande vya kromosomu vilivyoongezeka au kupotea, hivyo inasaidia sana kulinganisha na nyama ya biopsi (kipande cha uvimbe kilichotolewa kupimwa). Ulizeni mapema kama nyama hiyo ililainishwa kwa asidi, maana asidi inaharibu DNA. Kiwango kikipanda, rudieni damu na mpigeni CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kifua haraka. Mapafu ndiko inakokimbilia kwanza. Majibu safi nayo hayafuti CT, kwani kivimbe kidogo cha pafu kinaweza kisimwage DNA ya kutosha. Na baada ya upasuaji wowote subirini kama wiki 4, kidonda chenyewe kinamwaga DNA nyingi ya kawaida.

Ipuli_Maabara: Asante sana daktari. ALP je, kile kimeng'enya cha damu kinachopanda mfupa ukijengwa, inatosha wakati tunasubiri chupa?

Dkt_Mifupa: Pimeni, ila msiitegemee. Kijana wa miaka 16 bado anakua, ALP yake iko juu hata akiwa mzima. Tazameni mwelekeo, na tarehe ya CT isisogezwe.