Naomba ushauri: mtoto mkimbizi hana makaratasi, shule imemkataa

Wapendwa naombeni msaada, niko Nyalenda hapa Kisumu. Kuna kijana mdogo ametoka Kongo bila wazazi, anakaa na mama mmoja wa jumuiya yetu, karatasi yake ni cheti cha ubatizo tu kimekunjwa mpaka kinachanika katikati, sasa shule inataka cheti cha kuzaliwa. Papa Fransisko ujumbe wake wa wakimbizi 2017 ulikuwa juu ya watoto kama hawa hawa, inaniuma sana tukiusoma kanisani halafu tunanyamaza. Wengine wanasema nianze na ofisi ya watoto, wengine idara ya wakimbizi, na mimi naogopa asije akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma peke yake. Aliyewahi kufuatilia hii maneno, paroko aandikie nani kwanza?