MATAYARISHO YA BOTI (msijadili mengine humu)

JUMATATU

Zuhura 19:02
Habari za jioni wote. Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Zimebaki wiki tatu na humu ndani kimya kama hakuna watu. Naomba kila mmoja aandike LEO: kilo zake, kama amemaliza mchango, na dawa anazotumia kama zipo. Sisemi tena.

Zuhura 19:03
Kilo ni za jaketi okozi. Wenye boti wanapanga saizi kabla hatujafika. Msiniulize kwa nini.

Nuru 19:05
48. Mchango muulize mama. Dawa sina.

Zuhura 19:05
Asante Nuru. Mtoto wa miaka 15 amewashinda wote.

Tatu 19:31
Kwa nini kilo? 😂

Zuhura 19:31
Tatu.

Tatu 19:33
Andika "saizi ya mtu mzima". Humu kuna shemeji zangu.

Salim 19:34
Andika tani moja tusonge mbele

Tatu 19:34
Salim nitakutosa baharini, na jaketi lako nitavaa mimi juu ya langu

Baraka 19:50
Jamani, kilo zina maana yake. Jaketi la mtu mzima la kujijaza lenyewe, lile lenye nguvu ya kuelea ya newton 150, lina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Likiwa kubwa na mkanda haujafungwa, linapanda usoni na wewe unabaki chini yake. Na siku ya kukabidhiwa kila mtu afungue lake atazame kichupa cha gesi ndani. Kikaze kwa mkono. Vingi hulegea vyenyewe.

Salim 19:52
Shemeji umenitisha. Naandika kesho

Zuhura 19:53
Kwa nini kesho??

Kassim 22:17
Nimeona. Nipo kikaoni. Swali: sanduku langu linaingia?

Zuhura 22:17
HAPANA. Begi laini, linalokunjika. Boti haina stoo. Sanduku la magurudumu litalala kitandani na wewe utalala nje.

Tatu 22:18
Sanduku la Kassim 😂😂😂 bado lipo?

Salim 22:18
Lilipewa hadi jina

Kassim 22:20
Lile sanduku lilibeba chakula chenu wote mkanyamaza

Zuhura 22:21
Mchango, Kassim.

JUMANNE

Zuhura 08:10
Nimepokea kutoka kwa wawili. Wawili kati ya tisa!! Naendelea. Viatu ni vya soli nyeupe au isiyoacha alama. Maji: tangi lina lita 450. Tuko 9 kwa siku 5. Pigeni hesabu wenyewe.

Nuru 08:12
Lita 10 kila mtu kwa siku

Zuhura 08:12
Na hapo kuna kupika na kuosha vyombo. Nywele zitaoshwa siku ya kurudi.

Nuru 08:13
Nilitoe jina langu?

Zuhura 08:15
Choo. Naandika mara moja tu. Karatasi haitupwi ndani. Mabomba yake ni membamba na yakiziba hakuna fundi katikati ya maji. Aliyeziba atafungua yeye, kwa mikono yake.

Salim 08:16
Mwanzo mzuri wa siku

Tatu 09:40
Nikiuliza, soketi zipo? Nina mashine ya kukausha nywele

Baraka 10:02
Tukiwa tumefunga bandarini na waya wa umeme wa nchi kavu, ndiyo. Tukiwa kwenye nanga ni betri za volti 12 tu, kwa simu na taa. Ukichomeka hiyo mashine utalala gizani na friji litazimika.

Tatu 10:02
Mume wangu hana huruma hata kidogo

Babu 11:26
Nahodha ni nani

Zuhura 11:27
Shikamoo Babu. Mjomba Hamisi alisema atashika usukani. Boti tumeichukua bila nahodha ili gharama ishuke.

Salim 11:29
⚓

Tatu 11:29
Salim acha

Salim 11:30
Sijasema kitu. Nimetuma nanga tu

Mjomba Hamisi 12:44
Salim, mtu mzima hachezewi. Habari ya nanga nimeieleza mara ngapi? Mwisho wa mnyororo haukufungwa ndani ya sanduku lake. Kazi hiyo ni ya wenye boti. Mimi nilitakiwa kushusha nanga, nikashusha.

Salim 12:45
Ilishuka kweli Mjomba. Yote na mnyororo wake

Kassim 12:51
😂😂😂😂

Zuhura 12:58
Mnacheka. Mkataba wa safari ile ya nanga ulikuwa na jina langu. Amana ilikatwa yote, na hakuna hata mmoja humu aliyenirudishia. Wala hakuna aliyeuliza. Nilinyamaza kwa sababu ya Bibi.

Zuhura 12:58
Sikutaka kulisema humu. Basi.

(Hakuna aliyeandika mpaka jioni.)

Tatu 17:20
Dada Zuhura pole. Mimi nilidhani ilikatwa nusu.

Zuhura 17:41
Yote.

Mjomba Hamisi 17:55
Mwanangu, mbona hukuniambia? Ningeleta.

Zuhura 17:56
Nilikuambia Mjomba. Mlangoni kwako.

Baraka 18:30
Samahani kuingilia. Nimesoma mkataba wa safari hii mpaka maandishi madogo. Bila nahodha, lazima mmoja wetu awe na cheti cha kuendesha boti. Hapa wanataja kile cha kimataifa, ICC, na cheti cha redio ya mawasiliano ya baharini, VHF, juu yake. Mjomba, unacho?

Mjomba Hamisi 18:36
Bahari haisomi vyeti.

Baraka 18:37
Bima inasoma.

Tatu 18:38
Si wewe unacho?

Baraka 18:40
Changu cha boti za injini. Hii ni ya matanga. Kwenye cheti kuna sehemu ya injini na sehemu ya matanga, na yangu ya matanga haijajazwa. Nilimwambia Zuhura mapema.

Zuhura 18:41
Uliniambia UNACHO cheti shemeji. Hukuniambia cha nini.

Salim 18:42
Basi tukodi mtumbwi, kila mtu kasia lake

Zuhura 18:42
Salim andika kilo zako au kaa kimya.

Babu 20:05
Hamisi hashiki usukani.

Babu 20:07
Si kwa ajili ya nanga. Nanga inaweza kumtoka yeyote. Ni kwa sababu akiambiwa upepo unazidi hapunguzi tanga, anasubiri aone. Mwenye kusubiri aone huona akiwa amechelewa. Nimepanda naye.

Babu 20:08
Tafuteni mtu wa kazi hiyo. Mimi sipandi bila yeye, na Nuru hapandi.

(Wote wamesoma.)

Zuhura 21:30
Sawa Babu. Tumesikia.

Zuhura 21:34
Basi tusikilizane. Nahodha wa kukodi anapatikana, nimeshauliza. Ana malipo yake ya kila siku, chakula chake ni juu yetu, na LAZIMA apewe pa kulala. Hapo ndipo tatizo. Kabini ni 3, na sebuleni meza ikishushwa wanalala watatu. Jumla 9. Karatasi za boti zinasema watu 9, hawazidi. Sisi tuko 9. Yeye wa 10.

Nuru 21:35
Mimi naweza kulala juu nje

Baraka 21:36
Si suala la kitanda, ni idadi. Wakizidi bima haipo.

Zuhura 21:37
Njia mbili. A: mmoja wetu abaki. B: tubadilishe, tuchukue ile ya kabini 4 inayobeba 10, mchango upande na amana pia. Wenye boti wanatusubiri mpaka Alhamisi saa sita mchana. Andikeni A au B.

Tatu 21:40
B

Nuru 21:40
B

Baraka 21:41
B

Salim 21:44
A, abaki Kassim

Kassim 23:58
Nimeona. Nitajibu

JUMATANO

Zuhura 07:15
Kura za B ni 3. Mjomba? Shangazi? Babu?

Babu 09:50
Mmeangalia maji

Zuhura 09:51
Maji gani Babu, ya kunywa?

Babu 09:58
Ya bahari. Siku mnazotaja mwezi ni mpevu. Maji ni bamvua, yatakupwa sana na kujaa sana, na mkondo utakuwa mkali. Mlangoni mwa bandari kina ni kiasi gani yakiwa yamekupwa? Umeandika mnaondoka saa tatu asubuhi. Saa tatu ya nani? Boti haiondoki kwa saa ya mkononi.

Baraka 10:15
Babu yuko sahihi. Mkuku wa hii boti unashuka mita 2 chini ya maji. Nitaomba jedwali la maji la hapo leo.

Babu 10:22
Na mjue maji hayajai sawasawa. Yakijaa kwa saa sita, ile ya kwanza yanaanza taratibu. Ya tatu na ya nne, hizo mbili peke yake huingiza nusu ya maji yote. Mkitaka kupita mahali pembamba msipite saa hizo.

Nuru 10:24
Babu kumbe unajua hesabu

Babu 10:31
Nimekula kwa hesabu hiyo

Baraka 10:40
Kingine. Zuhura, siku ya kwanza umeandika maili 45. Boti hizi zikienda vizuri ni noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa. Hizo ni saa 9, na bado hatujahesabu kukabidhiwa boti, ambako kunakula nusu siku. Tutafika usiku pasipojulikana.

Zuhura 10:42
Sasa mnaniambia leo? Ratiba niliituma mwezi uliopita!

Tatu 10:43
Ilikuwa ndefu dada

Babu 10:50
Siku ya kwanza msizidi saa tatu za safari. Watu wajue miguu yao kwanza.

Zuhura 10:51
Sawa. Nafupisha.

Shangazi Rukia 13:06
Jamani ndiyo nafungua simu. Ujumbe 112. Kwani tunakwenda na boti?

Salim 13:06
😂😂😂😂😂

Zuhura 13:08
Shangazi!! Tulizungumza kwako, sebuleni, ukasema sawa.

Shangazi Rukia 13:12
Nilisema sawa nikadhani hoteli iliyo karibu na boti. Mimi gari lenyewe hunitapisha.

Baraka 13:20
Shangazi, dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Lakini kwa sababu unatumia dawa za presha, muulize kwanza daktari wako, nyingine hazipatani. Na ukiwa ndani ya boti usishuke chini kwenye kabini. Kaa juu, angalia mbali pale maji na mbingu vinapokutana.

Shangazi Rukia 13:24
Niangalie huko kwa siku tano?

Tatu 13:25
Nimelia kwa kucheka

Zuhura 13:26
Shangazi unakuja au hukuji? Kama hukuji tunakuwa 8 na nahodha 9, hatuhitaji kubadilisha boti.

Shangazi Rukia 13:31
Kwa hiyo nimekuwa dawa yenu ya mchango

Zuhura 13:31
Sikumaanisha hivyo Shangazi.

Babu 13:45
Rukia aachwe aamue mwenyewe. Asisukumwe.

(Ujumbe wa Zuhura umefutwa.)

Zuhura 14:02
Sawa Babu.

Zuhura 14:20
Tunaendelea na yasiyo na ugomvi. Siku ya kukabidhiwa, Nuru atapiga picha za boti yote, kila mkwaruzo, kabla hatujatia sahihi. Baraka ataangalia redio na chaneli 16, ile ya dharura. Tatu jiko.

Baraka 14:26
Tatu, jiko kila ukimaliza unafunga na ile valvu ya mtungi. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, inashuka ngamani, chini kabisa ya boti, inakaa huko ikingoja kiberiti.

Tatu 14:27
Nyumbani hunifundishi haya

Salim 14:30
Mimi nafanya nini?

Zuhura 14:30
Kilo.

Salim 14:31
74

Zuhura 14:31
Alhamdulillah.

Zuhura 14:32
Na mchango?

ALHAMISI

Mjomba Hamisi 02:11
Nimesoma yote. Sina la kumjibu mzee. Zuhura, ile amana nitaleta sehemu yangu mwisho wa mwezi. Nyingine waulize waliokuwa wanacheka. Nahodha akodiwe. Ila nami nishike usukani walau nusu saa, naye amesimama pembeni.

Babu 05:40
Hewa ikiwa nzuri.

Zuhura 06:30
Asante Mjomba. Asante Babu. Sasa hiyo ni A au B?

Zuhura 09:00
Saa sita mchana jamani. Kassim?

Zuhura 10:45
Kassim unasoma, naona tiki.

Kassim 11:20
B ni nyongeza kiasi gani? Kama ni kubwa mimi nabaki na A

Zuhura 11:21
Nilituma juzi!! A ni mtu kubaki. Unabaki wewe?

Kassim 11:22
Sijasema hivyo

Shangazi Rukia 11:30
Nimezungumza na daktari kwa simu. Atanipigia baada ya saa nane.

Zuhura 11:31
Saa nane wenye boti watakuwa wameshaitoa 😩

Baraka 11:47
Nimewapigia. Ile ya kabini 4 kuna wengine wameiulizia tangu jana. Wametushikia zote mbili mpaka kesho asubuhi, lakini wanataka jina moja la mkataba leo. Nani?

Tatu 11:52
Dada Zuhura si ndiye

Zuhura 11:53
Safari hii hapana.

(Sita wamesoma.)

Mjomba Hamisi 12:35
Hiyo ya kabini 4 ina nanga ngapi?