Tupeane uzoefu: uliyeunga joystiki ya analogi kwenye konsoli ya kujitengenezea, yalikukuta yapi?

Fundi wa Chumbani (mleta mada): Wakuu, salaam. Jana dogo wa jirani kaja na konsoli yake ya Raspberry Pi (kile kikompyuta cha bodi moja), analalamika kwamba gemu za Nintendo 64 mtu ama anasimama ama anakimbia, kutembea polepole hawezi. Nikakumbuka wiki tatu nilizoteseka. Vitufe vyangu vyote vilikuwa vinajibu, nikaunga joystiki moja kwa moja kwenye pini za bodi. Kimya. Kumbe Pi haina pini hata moja ya analogi, yenyewe inajua umeme upo au haupo, basi. Na joystiki ndani yake ni potenshiometa mbili, yaani vikinza vya kuzungusha, inatoa volti za kupanda na kushuka. Lazima katikati ikae chipu ya kutafsiri hizo volti ziwe namba. Wenzangu mlitokaje?

Risasi Nyingi: Umenitonesha kidonda. Kibao cha joystiki kimeandikwa +5V, nami nikakitii, nikachukua umeme pini namba 2, ya volti 5. Saa saba usiku ndipo nikasoma kwamba pini za Pi hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Kwa haraka nikataka kuhamishia waya pini namba 1, ya volti 3.3, bila kuzima. Hizo pini zimekaa ubavu kwa ubavu. Unyuzi mmoja wa waya ukagusa zote mbili. Hakukuwa na mlio wala moshi, skrini tu ikawa nyeusi. Nikagusa bodi, kidole kikaungua. Hela ya ile Pi niliichanga miezi minne kwa vibarua. Nilikaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Jamani, chomoa umeme kwanza ndipo uguse.

Mama Waya: Pole sana kaka. Pini 1 na 2, hata mimi zimeniulia bodi.

Kijiti Kimoja: Mnajitesa. Chukua Arduino Pro Micro, kibodi kidogo chenye pini za analogi, unga joystiki, chomeka kwa USB. Pi inaiona kama pedi ya dukani.

Mama Waya: Kompyuta nzima ya pili kusoma kijiti kimoja? Chipu ya kutafsiri ya MCP3008 ina njia 8, unailisha volti 3.3 hiyo hiyo pamoja na joystiki, kazi imeisha.

Kijiti Kimoja: Imeisha kwako unayejua Paithoni, lugha ya kuandikia programu. Dogo wa jirani atamwandikia nani programu ya kugeuza zile namba ziwe pedi?

Mama Waya: Ajifunze! Si ndiyo maana anajitengenezea?

Mtaa wa Pili: Nyie mnagombania chipu, yangu iliwaka moto. Nilitoa seli za 18650 kwenye betri ya laptopu mbovu, nikalehemu waya juu ya seli yenyewe, nikaacha inachaji kitandani. Moshi mweupe ukafoka, chandarua kikashika. Niliivuta nje na shuka, nikaifukia kwenye mchanga wa ujenzi.

Risasi Nyingi: Mtoto alikuwepo chumbani?

Mtaa wa Pili: Alikuwa kwa bibi yake, Alhamdulillahi.

Mama Waya: Ilikuwa na bodi ya ulinzi, ile ya kukata chaji ikizidi?

Mtaa wa Pili: Haikuwa nayo. Na seli hailehemiwi hivyo, joto linaiharibu ndani. Nunua kishikio cha seli.

Fundi wa Chumbani: Tunashukuru Mungu uko salama ndugu yangu. Turudi kwenye joystiki, tafadhali.

Mgeni Hapa: Joystiki yangu inampeleka mtu wa gemu kushoto yenyewe. Katikati inasoma 498, badala ya 512.

Kijiti Kimoja: Pulizia spiriti.

Risasi Nyingi: Spiriti haitasaidia. Tafuta joystiki ya sumaku, haina msuguano wa kuila.

Mtaa wa Pili: Au mwombe jini akiachie kijiti.

Mama Waya: Ni kawaida hiyo mdogo wangu, kijiti hakirudi katikati kamili. Kwenye programu puuza namba za karibu na katikati, 40 kila upande.

Mgeni Hapa: Dada, amesimama! Ila sasa anachelewa kuanza kutembea.

Mama Waya: Shusha mpaka 25.